Ndege Akitokwa na Damu

Wengi wetu katika klabu hii tumekulia kwenye nyumba zenye vitu viwili: bibi anayesema Kiswahili, na kizimba cha ndege sebuleni. Makala haya yanahusu vyote viwili.

Ilikuwa Alhamisi usiku, nyumbani kwa mmoja wetu, Ibra. Alikuwa akimkata kucha kasuku mdogo wa bibi yake, wale wa kijani wenye asili ya Australia. Mkasi ukazidi kidogo, damu ikaanza kudondoka juu ya taulo. Bibi akaja mbio na kopo la kahawa. "Mtie hii, mjukuu wangu, itakata sasa hivi."

"Samahani bibi, kahawa ni sumu kwa ndege."

"Sumu? Mbona mimi nimetiwa tangu mtoto na ni mzima?"

Bibi hakukosea kuhusu watu wa zamani. Wengi walitiwa kahawa kwenye jeraha. Lakini kafeini inaweza kuuvuruga moyo wa ndege na kumuua. Na hapakuwa na muda wa kubishana. Kasuku huyo ana uzito wa gramu 35 hivi, na damu ya ndege ni karibu asilimia 10 ya uzito wake. Yaani mwili mzima una damu isiyojaza kijiko cha chai. Ndege mwenye afya huhimili kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya damu hiyo, ambayo kwa huyu ni kama matone 7. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, kliniki ya karibu imefungwa, na Muscat ni mwendo wa karibu saa mbili.

Basi ufanye nini? Kwanza, mfunge ndege kwa taulo jepesi na umshike bila kumbana kifua. Ndege hana kiwambo kama chetu. Hupumua kwa kutanua kifua, na ukikibana anakosa hewa. Pili, chukua unga laini wa mahindi, ule mweupe wa kutengenezea kastadi, uubandike kwenye ncha ya ukucha, kisha ubonyeze kwa kidole na pamba. Hesabu dakika 5 kamili bila kufunuafunua, kwa sababu kila ukichungulia unaibandua damu iliyoanza kuganda. Unga wa dukani wa kukatia damu ya kucha unafaa pia, lakini ni wa kucha tu. Usiutie kwenye ngozi wala kidonda, maana unaunguza.

Mwenzetu wa Nizwa alikutana na jambo jingine. Mlango ulibamizwa usiku, kasuku wake wa kishungi akashtuka na kupiga mbawa gizani hadi nyoya likavunjika. Nyoya linaloota lina damu ndani ya mrija wake, na likivunjika hutiririsha kama bomba. Dawa ni ileile: unga na kubonyeza. Usiling'oe mwenyewe, kazi hiyo mwachie daktari.

Wa tatu ni wa Sur. Paka aliingia ndani, akamparura ndege begani. Jeraha lilikuwa dogo, damu ikakoma yenyewe, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mate na kucha za paka zina bakteria wanaoweza kumuua ndege kwa siku moja au mbili, hata kama jeraha halionekani. Safisha kwa maji ya chumvi, kijiko kidogo kimoja katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha nenda kwa daktari siku hiyohiyo hata kama ni mbali. Wa Sur alipelekwa, akapewa dawa, akapona.

Baada ya damu kukoma, mweke ndege mahali pa joto, pa kimya na penye giza kidogo. Kwetu Oman maana yake ni kumwondoa mbele ya kiyoyozi, lakini si kumtoa nje juani. Akihema mdomo wazi, joto limezidi. Usimpake marhamu ya mafuta, na usimpe vidonge vya maumivu vya watu. Damu isipokoma kwa dakika 10, au akikaa chini ya kizimba amejivimbisha manyoya, usingoje asubuhi. Ndege huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha.

Yule wa Ibra damu ilikata kwa unga, na Ijumaa asubuhi alikuwa akipiga kelele kama kawaida. Siku hizi kando ya kizimba kuna kopo dogo la unga na pamba safi. Mgeni akiuliza ni ya nini, bibi humjibu mwenyewe, tena kwa ukali: "Dawa ya ndege hiyo. Na kahawa usimsogezee!"