Mto Haujisafishi Plastiki

Masika yanapoingia na Mto Mlalakua kuanza kupita kwa kishindo kuelekea baharini jirani na Kawe, chupa za maji, vifuniko, mifuko ya sandarusi na mabaki ya rambo hukokotwa na mafuriko, na wakazi wengi wa bondeni huhesabu kwamba mto umejisafisha. Hesabu hiyo ina kasoro. Kinachoondoka kwa macho ya watu ni taka kubwa zinazoelea. Chembechembe zilizotokana na taka hizo miezi au miaka kabla ya mvua zina mwendo wake, na sehemu yake nzuri haiko juu ya maji kabisa, imo kwenye tope la chini. Ninachotetea hapa ni kwamba mito yetu midogo, kuanzia Mlalakua na Mbezi hadi Msimbazi na Kizinga, si mifereji inayopitisha plastiki kwenda kuwa tatizo la bahari. Plastiki inavunjikia humo, inahifadhiwa humo na inaanza kuliwa humo, kabla samaki yeyote wa baharini hajaionja.

Wanasayansi huita mikroplastiki kipande chochote kisichozidi milimita 5. Jina hilo lilipata umaarufu mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipoandika kuhusu plastiki iliyojificha kwenye mchanga wa fukwe. Vipande hivi hutokana na jua linalokausha na kupasua mifuko na ndoo, tairi zinazolika barabarani, na nyuzi zinazochomoka kwenye nguo za poliesta kila zinapofuliwa. Vikishaingia majini havifuati njia moja. Plastiki ya mifuko na ya vifuniko vya chupa ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Ya chupa zenyewe, ya mabomba ya PVC na ya nyuzi za poliesta ni nzito, huzama. Hata ile nyepesi haielei milele. Bakteria na mwani huifunika kwa utelezi uleule tunaouona kwenye mawe ya mtoni, udongo mfinyanzi hunata humo, na kipande kikishapata uzito wa kutosha hushuka chini. Mto unapokutana na maji ya chumvi mwendo wake hupungua na tope hugandamana, ndiyo maana midomo ya mito hukusanya mzigo mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mchanga wa maeneo 18 ya pwani ya Tanzania na kukuta mikroplastiki katika yote, lakini Mtoni Kijichi, Temeke, kwenye hori linalopokea maji ya Kizinga na Mzinga, iliyaacha mengine mbali kwa wastani wa chembe 2,972 katika kila kilo ya mchanga mkavu. Kombe wa pwani hiyo nao walikutwa nazo.

Kuna utafiti mmoja ambao mtu anaweza kuutumia kunipinga, na ni afadhali niutaje mwenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha vipimo vya matope ya mito inayozunguka jiji lao, vilivyochukuliwa kabla na baada ya mafuriko makubwa ya msimu wa baridi wa 2015 na 2016. Mafuriko yalikuwa yameondoa takriban asilimia 70 ya mikroplastiki iliyokuwa imelala chini. Si ndiyo kujisafisha huko? Hapana. Ili mafuriko yaondoe kiasi hicho, ilibidi kwanza mto uwe umekilimbikiza, na viumbe wa chini ya maji waliishi ndani ya mrundikano huo muda wote wa kusubiri mvua. Asilimia 30 ilibaki. Na mto ambao kingo zake bado zinatupiwa taka huanza kujaza akiba upya maji yakipungua tu.

Wanaoishi kwenye akiba hiyo ni wadogo, hawana mtetezi, lakini wanalisha wengine. Watafiti wa Australia walifuga viluwiluwi vya jamii ya mbu wasiouma kwenye tope lenye chembe 500 za plastiki kwa kilo, na zile za mikroni 10 hadi 27 zikapunguza uhai na ukuaji wao. Siwezi kuilinganisha namba hiyo moja kwa moja na ile ya Mtoni Kijichi, kwa sababu upimaji wa fukwe mara nyingi haunasi chembe ndogo kiasi hicho. Hilo lenyewe halitulizi moyo. Kwa upande wa samaki, ushahidi wa kwanza kutoka maziwa makuu ya Afrika ulichapishwa mwaka 2016: katika sangara na sato walionunuliwa Mwanza, 20 kwa kila aina, plastiki ilithibitishwa ndani ya mmoja kati ya kila watano. Wapo watakaosema matumbo tunayatupa, basi hakuna neno. Kwa sangara ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa dagaa si kweli, maana huliwa mzima na tumbo lake, na ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo, Kawe kama Mwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la afya ya binadamu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019 kuhusu maji ya kunywa, lilisema ushahidi uliokuwepo hautoshi kuonyesha madhara, likataka utafiti zaidi. Tangu hapo, utafiti wa Italia wa mwaka 2024 umekuta poliethilini kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya shingo ya zaidi ya nusu ya wagonjwa 257, na waliokuwa na plastiki humo walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo mara nyingi zaidi. Haikuthibitishwa kwamba plastiki ndiyo chanzo. Anayewatisha watu kwa habari hiyo anavuka mpaka wa ushahidi, na mimi siihitaji: hali ya tope inatosha kutaka hatua.

Zuio la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilikuwa hatua ya kweli, ila liligusa chanzo kimoja. Chupa, tairi na nyuzi za nguo zinaendelea. Chembe ikishafika kwenye tope hakuna chekeche la kuitoa bila kuwatoa na minyoo, kwa hiyo pesa inayotumika kusafisha fukwe, kazi inayopendeza sana kwenye picha, ingezaa zaidi mitaani na kwenye kingo za mito wakati wa kiangazi, Januari na Februari kabla ya masika, tena Septemba kabla ya vuli, chupa ikiwa bado ni chupa na mwokota makopo anaweza kuiuza kwa kilo.