Chanjo inaanzia kwa frigo

Surua iliyoanza 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu mpaka mwanzo wa 2020, wengi wao watoto. Mpango Mashako wa chanjo, wenye jina la waziri wa zamani wa afya, ulikuwa umeanzishwa 2018. Tunaupenda kwa sababu unahesabu mambo madogo: santre ya afya imechanja siku ngapi mwezi huu, dawa iko, frigo inapoza, msimamizi amepita kweli. (Sisi walimu tunajua: inspekta akipita, madaftari yananyooka.) Basi, vikundi vya Katuba na Ruashi, muombe kwa muuguzi siku za chanjo za mwezi mzima, halafu mchangie nauli ya mama anayeishi mbali. Mtoto akifika miezi 9, apelekwe kwa chanjo ya surua pamoja na kadi yake.