Ibada ya kitabu au maombi ya moyoni? Vyote vina nafasi

Msikilizaji wetu, swali hili huwagawa washarika wengi, hasa wazee na vijana: ibada ifuate kitabu, au kila mtu aombe kama anavyoguswa moyoni?

Hapa Dodoma tumerithi vyote viwili. Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana ilianzishwa mwaka 1927, ikitumia Kitabu cha Sala ambacho chanzo chake ni kile cha Uingereza cha mwaka 1549. Baadaye ukafika Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930. Watu wakasimama kutubu, kushuhudia na kuomba bila kusoma popote. Hata hivyo, wengi wao hawakuhama kanisa.

Kitabu kinasaidia nini?

Mchungaji wa kijijini huwa na makanisa kadhaa, hivyo Jumapili nyingi ibada huongozwa na mwinjilisti. Akifuata utaratibu, toba, zaburi, masomo na maombi vyote hupata nafasi. Asiyejua kusoma naye hushika maneno kwa kuyarudia, akayatumia hata nyumbani anapomwombea mgonjwa.

Maombi ya moyoni yanasaidia nini?

Kitabu hakijui kwamba mvua imekatika Februari na mtama unanyauka. Hakijui jina la mama aliyefiwa juzi. Akitajwa kwa jina, pengine kwa Kigogo, anajua kwamba wenzake wanaubeba msiba pamoja naye.

Lakini mazoea huingia kote. Kitabu kinaweza kusomwa haraka bila moyo. Na anayeomba bila kitabu anaweza kurudia maneno yaleyale kila Jumapili, akachukua nusu saa huku wengine wakisinzia.

Vinapatanaje?

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anakubali kila mmoja alete wimbo au fundisho, lakini anataka yote yafanyike kwa utaratibu.

Kwa hiyo kiongozi aulize kabla ya ibada: nani anaumwa, nani amefiwa, shambani kukoje? Wakati wa maombezi ukifika, awape watu wawili au watatu nafasi waombe kwa ufupi, kila mmoja jambo moja. Pawepo kimya kidogo, kisha ibada iendelee. Wiki inayofuata wachaguliwe wengine, vijana wakiwemo, ili sauti isiwe ya mtu mmoja daima.