Mshale Unapodanganya: Geji ya Joto katika Gari la Kale la Mashindano

Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, gari dogo la milango miwili, Datsun 240Z, lilishinda Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, likiendeshwa kwanza na Edgar Herrmann, kisha na Shekhar Mehta. Magari ya aina hiyo sasa ni ya kale, lakini bado yanatunzwa, na mwaka 2003 yalianzishiwa mashindano yake, East African Safari Classic. Ubovu wake mmoja ni somo zuri la fizikia: geji ya dashibodi isemayo uongo. Ikionyesha joto jingi bure, humsimamisha dereva bila sababu. Ikionyesha baridi hali maji yanachemka, humwachia injini iliyoharibika.

Jinsi geji inavyofanya kazi

Nyuma ya mshale mna utepe wa metali mbili zilizogandamana, uliozungushiwa waya mwembamba. Mkondo wa umeme ukipita, waya hupata moto. Metali moja hutanuka kuliko nyingine, utepe hupinda na kuusukuma mshale. Mkondo huo hupitia kihisi kilichofungwa kwenye injini. Kadiri maji yanavyozidi kupata joto, ukinzani wa kihisi hupungua, mkondo huongezeka, na mshale hupanda. Geji ya petroli ni vivyo hivyo, ila ukinzani wake hubadilishwa na boya lielealo ndani ya tangi.

Volteji ya betri ya volti 12 haitulii; injini ikiunguruma hufika volti 14 hivi. Kwa sababu hiyo geji zote mbili hulishwa kupitia kidhibiti volteji kimoja, ambacho hukata na kuunga umeme mara kwa mara ili wastani wake usibadilike. Katika Land Rover Series III, zilizotumia kanuni hiyohiyo, wastani huo ni volti 10.

Kutafuta kosa

Chukua mfano wa dereva wa 240Z atokaye Mwanza kwenda Shinyanga. Afikapo Usagara, penye njia panda ya Kigongo, mshale wa joto umefika mwisho. Kwanza asimame na kuzima injini, kwa kuwa geji huhesabiwa kuwa yasema kweli mpaka ithibitike vinginevyo. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ingali na moto.

Kisha arudishe ufunguo bila kuwasha injini, atazame mshale wa petroli. Ukionyesha tangi limejaa, hali anajua limebaki nusu, kidhibiti ndicho kishukiwe, maana geji mbili hukitegemea kwa pamoja. Mishale yote miwili ikilala, fyuzi na waya wa kulisha vikaguliwe kabla ya kidhibiti.

Ikiwa mshale wa petroli ni sahihi, kosa limo katika njia ya joto peke yake. Waya wa kihisi uchomolewe. Mshale ukibaki juu, aghalabu waya umechubuka na kugusa bodi ya gari, au geji yenyewe ni mbovu. Ukishuka, limebaki swali moja: je, kihisi ni kibovu, au maji yana joto kweli?

Jaribio la maabara

Swali hilo huweza kujibiwa shuleni. Injini ikiisha kupoa, kihisi hufunguliwa, na ncha yake huzamishwa katika maji pamoja na kipimajoto. Maji hupashwa moto polepole, na kila baada ya nyuzi 10 ukinzani hupimwa kwa omita na kuchorwa kwenye grafu. Kihisi kizima hutoa mstari ushukao taratibu. Cha kibovu hurukaruka au haubadiliki.

Wanafunzi wa Mwanza wasishangae maji yakichemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko pwani. Kipimajoto hakikukosea. Kwa sababu hiyohiyo, rejeta yenye kifuniko kinachovuja huchemka mapema zaidi Mwanza kuliko Dar es Salaam.

Fundi abadilishaye geji, kihisi na kidhibiti kwa pamoja huenda akaliponya gari, lakini hatajua liliugua nini, na mwenye gari atakuwa amelipia vipuri viwili vya bure. Kinachofaa ni kubadili kitu kimoja, kupima, ndipo kuendelea na kingine.