Jibu Linapotangulia Fikra

Uamuzi wa mtu anayetumia akili mnemba hutegemea sana jambo linaloonekana dogo: nani ametangulia kutoa jibu, mtu au mashine. Akishaliona jibu la mashine, mtu huelekea kutafuta yanayoliunga mkono na kuyapita haraka yanayolipinga. Wanasaikolojia waliochunguza marubani waliielewa tabia hii tangu miaka ya 1990, kabla programu za mazungumzo hazijaingia kwenye simu.

Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio lililohusu madaktari 27 wa radiolojia. Kila daktari alisoma picha za eksirei za matiti na kuzipangia daraja la hatari ya saratani, huku akionyeshwa pendekezo alilodhani limetoka kwa akili mnemba. Baadhi ya mapendekezo yalikosewa makusudi. Pendekezo lilipokuwa sahihi, madaktari wachanga kazini walipatia takriban asilimia 80 ya picha. Lilipokosewa, walipatia asilimia 20 tu. Hata wenye uzoefu mkubwa hawakufika nusu. Picha zilikuwa mbele ya macho yao muda wote, na ujuzi wa kuzisoma walikuwa nao.

Athari ya pili huja polepole, nayo ni kufifia kwa ujuzi wenyewe. Nchini Poland, vituo vinne vya kuchunguza utumbo mpana kwa kamera vilianza kutumia mfumo unaomwonyesha daktari vinyama vinavyoweza kugeuka saratani. Miezi michache baadaye, katika uchunguzi uliofanywa bila mfumo huo, kiwango cha kuvigundua kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Takwimu hizo, zilizochapishwa mwaka 2025, hazitoshi kuthibitisha kwamba mfumo ndio chanzo pekee, lakini waliohusika ni madaktari wazoefu, si wanafunzi.

Kwa anayejifunza, hasara ni kutoupata ujuzi kabisa. Katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, wanafunzi waliofanya mazoezi ya hisabati wakisaidiwa na programu ya kawaida ya mazungumzo walipata kwenye mazoezi hayo alama za juu kwa asilimia 48 kuliko wasiosaidiwa. Kwenye mtihani bila msaada walishindwa na wenzao ambao hawakuwahi kuitumia, kwa asilimia 17. Kundi jingine lilipewa programu iliyoelekezwa kutoa vidokezo bila kutaja jibu, na pengo hilo karibu lote likatoweka. Teknolojia ilikuwa ileile; kilichobadilika ni kwamba mwanafunzi alilazimika kufikiri kwanza.

Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inataka mifumo yenye hatari kubwa isimamiwe na binadamu anayetambua mwelekeo wake wa kuiamini mashine kupita kiasi. Kutambua pekee ni kinga dhaifu. Kinga ya maana zaidi ni daktari, hakimu au afisa mikopo kuandika uamuzi wake kabla ya kuona wa mashine, kisha kueleza palipo na tofauti. Utaratibu huo hula muda, na mara nyingi mashine hununuliwa ili kuokoa muda huohuo.