Saa za Angani na Maji ya Mkanda

Chombo kinachotoka Lamu kwenda Faza au Kizingitini hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba unaotenga kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa, njia ni pana na nahodha anaweza kupiga soga. Yakipwa, mikoko inabaki imesimama juu ya matope huku na huku, na njia inayopitika ni mfereji tu. Wazee walipita kwa kukariri kila kona. Vijana nao wana simu, na kwenye simu kuna nukta ya buluu inayosema: upo hapa. Nukta hiyo ikikosea mita 30 tu, tayari imekupandisha matopeni.

Ili isikosee hivyo, simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe inapiga hesabu za Albert Einstein mfululizo. Wengi tumezoea kudhani kwamba nadharia zake za mwaka 1905 na 1915 ni mambo ya maprofesa. Kumbe kwa mtu wa Lamu zinapimwa kwa mita, na moja ya hesabu hizo ni kubwa zaidi hapa kuliko ilivyo London.

Tuanze na kazi yenyewe. Mvuvi anayetafuta mwamba wenye samaki hutazama alama mbili za nchi kavu zilizopangana, tuseme mnara wa msikiti na mbuyu, kisha alama nyingine mbili upande mwingine. Mistari inapokatana, hapo ndipo pa kutia nanga. Setilaiti za GPS, thelathini na ushei, ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, nazo ni alama za namna hiyo, ila zinatumia umbali badala ya mstari. Kila moja inatangaza bila kukoma mahali ilipo na saa yake inasomaje. Simu inasikiliza, inapima tangazo limechukua muda gani njiani, na kwa kuwa mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, muda unageuka kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha, lakini saa ya simu ni ya bei rahisi na haiaminiki, kwa hiyo inahitajika ya nne ili kulikamata kosa la saa hiyo.

Simu hapo inasikiliza tu, haitumi kitu. Nje ya Kiwayu, ambako mtandao umekatika na bando halina maana, nukta bado inaonekana. Mtandao unaleta ramani na kuharakisha mwanzo, basi. Anayetaka kwenda mbali apakue ramani kabla ya kung'oa nanga.

Kwa sababu umbali wote unatokana na muda, kosa la mikrosekunde moja, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, ni kosa la mita 300. Na saa za angani haziendi sawa na zetu. Einstein alisema saa inayokimbia huchelewa. Setilaiti inakwenda karibu kilomita 4 kwa sekunde, kwa hiyo inachelewa mikrosekunde 7 kwa siku. Alisema pia kwamba pale uvutano wa dunia unapopungua, saa huenda mbio zaidi. Huko juu inatangulia mikrosekunde 45. Toa moja kwenye nyingine: saa ya angani inatangulia ya chini kwa mikrosekunde 38 kila siku.

Wahandisi wenyewe hawakuwa na imani ya kutosha. Tarehe 23 Juni 1977 Wamarekani walirusha setilaiti ya majaribio, NTS-2, ikiwa na saa ya atomu za sesiamu na swichi ya kurekebisha mwendo wake. Kwa siku 20 za mwanzo waliiacha swichi hiyo bila kuiwasha, waone Einstein atasema kweli au la. Saa ikatangulia kwa sehemu 442.5 katika kila sehemu trilioni moja. Nadharia ilikuwa imetabiri 446.5. Swichi ikawashwa, na tangu hapo saa za GPS hupunguzwa mwendo kiwandani kabla ya kurushwa.

Utasoma mahali pengi kwamba bila marekebisho hayo simu ingepotea kilomita 11 kwa siku. Kuzidisha ni sahihi, lakini maelezo yametiwa chumvi. Saa zote zikitangulia kwa pamoja, setilaiti ya nne ingeliona kosa hilo na kulifuta kwa sehemu kubwa, kama inavyofuta kosa la saa ya simu. Kosa sumbufu ni lile lisilolingana baina ya setilaiti. Njia zake si duara kamili: setilaiti ikikaribia dunia inaongeza kasi na saa inazembea kidogo, ikienda mbali inachangamka. Tofauti hiyo inaweza kufikia mita 7, na kwa njia iliyopinda zaidi hata mita 14, na kila setilaiti iko kwenye sehemu yake ya mzunguko. Hili halirekebishwi kiwandani. Waliobuni mfumo walikiachia kifaa kinachopokea, na kanuni yake imo ndani ya chipu ya simu.

Hesabu ya pili ya simu ndiyo ya Lamu hasa. Tangazo la setilaiti huchukua takriban sekunde 0.07 kufika. Wakati huo dunia haijasimama. Lamu iko nyuzi 2 na ushei kusini mwa ikweta, mahali ambapo ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa mita 465 hivi kila sekunde. Kwa hiyo tangu tangazo litoke hadi lipokewe, Manda, mikoko, chombo na nahodha vimeshasogea zaidi ya mita 30. London husogea kama mita 20 tu. Simu isipoingiza hesabu ya mzunguko huo, sisi wa ikweta ndio tunaopotea zaidi. Tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme nalo hutibuka zaidi katika nchi za joto baada ya magharibi, na nukta inayorukaruka saa mbili usiku si lazima iwe ubovu wa simu.

Mzunguko huohuo ndio uliowaleta Waitaliano Ngomeni, kwenye ghuba ya Ungwana, kusini mwa Lamu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta hupewa na dunia zile mita 465 kwa sekunde bure. Kutoka jukwaa lao la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za nyota. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta haraka kiasi kwamba hakiwezi kuwa nyota ya kawaida. Ndicho kilichokuja kukubalika kuwa shimo jeusi, mahali ambapo uvutano unaotupa sisi mikrosekunde chache umekithiri hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nasikitika kwamba kuna watoto wengi wa pwani wanaomaliza shule bila kusikia habari hii.

Saa za angani zina wateja wengine pia: minara ya simu. Minara ya 5G na ya 4G inayopokezana kusema na kusikia kwenye masafa yaleyale, haitakiwi kutofautiana zaidi ya mikrosekunde 3. Ikipishana, mmoja unapiga kelele wakati jirani yake anasikiliza, na simu yako inakatikakatika. Minara mingi hupata saa yake kutoka GPS.

Na saa hizi za atomu zina ndugu hospitalini. Mwaka 1938, New York, Isidor Rabi alipitisha mkondo wa molekuli katikati ya sumaku, akaupiga kwa mawimbi ya redio, akaona viini vya atomu vinageuka pale tu wimbi linapolingana na mwendo wao. Mwaka 1945 alipendekeza atomu zitumike kama saa. Louis Essen na Jack Parry waliiunda ya sesiamu Uingereza mwaka 1955. Tawi la pili la ugunduzi huo lilipitia kwa Felix Bloch na Edward Purcell mwaka 1946, kisha Paul Lauterbur aliyetoa picha za kwanza mwaka 1973, na Peter Mansfield. Hiyo ndiyo MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Mashine hiyo inagusa haidrojeni iliyo katika maji ya mwili. Eksirei humwonyesha daktari mfupa. MRI inamwonyesha gegedu la goti, kano zilizokatika, diski iliyochomoza kati ya pingili ikabana mshipa wa fahamu, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu baada ya kiharusi. Kwa mbeba boriti ambaye mguu unakufa ganzi, au kijana aliyeanguka na bodaboda barabara ya Mokowe, picha ya mfupa ikitoka safi haimaanishi kwamba hana kitu. Rabi mwenyewe, karibu na mwisho wa maisha yake, aliingizwa ndani ya mashine hiyo kama mgonjwa.

Sumaku yake haizimwi baina ya mgonjwa na mgonjwa, ndiyo maana mlangoni unaulizwa kama una chuma mwilini. Aliyewekewa vyuma pajani baada ya kuvunjika aseme, na karatasi za upasuaji aje nazo: titani haivutwi, ingawa inaweza kutia kivuli kwenye picha. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, au aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni kwenye karakana, aseme kabla hata ya kupangiwa siku.