Vibao vya Barabara za Zamani: Vikusanye kwa Picha, Usiving'oe

Dereva anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi huingia Kaunti ya Makueni kupitia Mtito Andei, kisha hupita Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Majina hayo yameandikwa kwenye vibao kando ya barabara, na wasafiri wengi huvipita bila kuvijali. Lakini mtu akiyasoma majina hayo moja baada ya jingine, anasoma historia ya njia yenyewe.

Mtito Andei ni jina la Kikamba ambalo huelezwa kuwa na maana ya msitu wa tumbusi, wale ndege walao mizoga. Kibwezi ndipo wamisheni kutoka Uskoti walipofungua kituo chao mwaka 1891, kabla ya kukihamishia Kikuyu mwaka 1898. Sultan Hamud unabeba jina la Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ambayo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara.

Vibao vya aina hii vina wapenzi wake katika nchi nyingi. Wapo wanaosafiri mwendo mrefu ili kuvipiga picha na kuziweka katika kumbukumbu. Kwa bahati mbaya, wapo pia wanaoving'oa.

Njia iliyotangulia lami

Kabla ya reli na kabla ya lami, wafanyabiashara wa Kikamba walipita sehemu hizi kwa misafara, wakibeba bidhaa kati ya bara na pwani. Mwaka 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutengeneza njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka pwani. Baadaye Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliiendeleza kutoka Kibwezi hadi Busia. Njia hiyo ya maili 600 hivi, yaani karibu kilomita 965, ilijulikana kama barabara ya Mackinnon–Sclater. Jina la kwanza ni la Sir William Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni hiyo, na bado linasomeka katika mji wa Mackinnon Road ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa.

Njia ya ng'ombe haikutumika kwa miaka mingi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ikahamia kwenye behewa. Kilichobaki kwa mwananchi wa kawaida ni majina ya mahali, na majina hayo yanalindwa na vibao.

Hata nambari ya barabara ni historia

Kwa miaka mingi barabara ya Mombasa–Nairobi ilijulikana kama A109, na ile ya kutoka Nairobi kwenda Malaba ilikuwa sehemu ya A104. Barabara za Kenya zilipoainishwa upya mwaka 2016, zote mbili ziliwekwa chini ya nambari moja, A8. Kwa hiyo kibao chochote cha zamani chenye nambari A109 kinaonyesha jinsi nchi ilivyopanga barabara zake hapo awali. Mkandarasi akija kupanua barabara, kibao kama hicho huenda kikawa cha kwanza kuondolewa. Picha iliyopigwa mapema ndiyo itakayobaki.

Funzo kutoka Marekani

Nchini Marekani kuna barabara maarufu iitwayo Route 66. Ilianzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi Los Angeles, ikapita katika majimbo 8 kwa umbali wa karibu kilomita 3,900. Barabara pana za kisasa zilipokamilika, Route 66 iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu mwaka 1985. Miji iliyotegemea wasafiri ikapoteza wateja. Wakazi walidai njia hiyo itambuliwe kama ya kihistoria, na vibao vya kuionyesha vikasimamishwa tena.

Ndipo tatizo jingine likaanza. Wakusanyaji walivipenda vibao hivyo kiasi cha kuviiba na kuvitundika majumbani. Katika baadhi ya sehemu ikabidi alama ya barabara ichorwe kwa rangi juu ya lami yenyewe, mahali ambapo mwizi hawezi kuibeba. Kibao kilichotundikwa sebuleni humfurahisha mtu mmoja, ilhali kikisimama mahali pake humwongoza kila msafiri na kuupa mji wateja.

Kibao kikiondoka, maisha huwa hatarini

Hapa nchini, wanaong'oa vibao mara nyingi hawatafuti kumbukumbu bali vyuma vya kuuza. Uharibifu wa miundombinu ulizidi hadi serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu mwezi wa Januari mwaka 2022, kabla ya kuifungua tena mwezi wa Mei mwaka huo. Bei ya chuma cha kibao kimoja ni ndogo. Hasara yake huonekana usiku, pale dereva wa lori asiyeijua njia anapofika kwenye kona kali au daraja jembamba bila onyo lolote.

Jinsi ya kukusanya kwa picha

Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Usalama kwanza. Usipige picha ukiendesha gari au pikipiki. Egesha nje kabisa ya barabara, mbali na kona, na usisimame juu ya lami. Watoto waandamane na mtu mzima.

2. Piga picha tatu. Ya kwanza ionyeshe kibao pamoja na barabara na mandhari. Ya pili iwe ya karibu, maandishi yote yasomeke. Ya tatu iwe ya upande wa nyuma, kwani huenda kuna nambari au alama ya aliyekitengeneza.

3. Andika maelezo siku hiyo hiyo: tarehe, jina la mahali, upande wa barabara na hali ya kibao. Ukiwasha huduma ya mahali kwenye simu, picha itahifadhi pia eneo ilipopigwa.

4. Uliza wazee. Kibao hutaja jina, lakini mzee ndiye anayejua lilikotoka na jinsi mahali palivyoitwa zamani. Andika majibu yao kwa idhini yao.

5. Usikisafishe kwa kukikwaruza, usikipake rangi wala kukisogeza ili picha ipendeze.

6. Omba ruhusa kabla ya kuingia katika shamba la mtu, na epuka kupiga picha kambi za jeshi na maeneo mengine yaliyozuiliwa. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

7. Rudi baada ya mwaka mmoja upige tena. Picha mbili za mahali pamoja huonyesha kilichobadilika.

Sheria inasemaje?

Kung'oa au kuharibu alama ya barabarani ni kosa. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu nao wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Aidha, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inalinda vitu vya kale, yaani vitu vinavyohamishika, visivyo vitabu wala hati, vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mtu akifukua chuma cha gari la ng'ombe shambani mwake, asikimbilie mizani ya vyuma chakavu. Awajulishe Makavazi ya Kitaifa.

Kuripoti na kuhifadhi

Barabara kuu za kitaifa, ikiwemo A8, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu nchini (KeNHA). Barabara za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Mwananchi asiyejua barabara husika ni ya nani anaweza kupiga ripoti kwa msimamizi wa wadi au kwa chifu, akionyesha picha ya mahali kibao kilipokuwa.

Picha zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, wala si kwenye simu pekee, kwa sababu simu hupotea. Shule zinaweza kuzitumia katika masomo ya historia na jiografia. Chini ya Katiba ya 2010, maktaba, makavazi na shughuli za kitamaduni ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, na mkusanyo wenye tarehe na maelezo sahihi una manufaa katika kazi hiyo. Pia kibao kikiibwa, picha ya zamani yenye tarehe ndiyo itakayoonyesha kilisimama wapi na kiliandikwa nini.